Himoglobini ya kijusi: mahali ambapo kidonge cha selimundu na tiba ya jeni hukutana

Tarehe 8 Desemba 2023, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mkupuo tiba mbili za jeni kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa kuanzia miaka 12. Moja kati ya hizo, iitwayo Casgevy, ilikuwa imekwisha kuruhusiwa nchini Uingereza tangu tarehe 16 Novemba mwaka huo huo, ikawa tiba ya kwanza duniani kupata kibali ikiwa imetokana na teknolojia ya kuhariri jeni ya CRISPR. Habari hiyo ilifika Dar es Salaam kama zinavyofika habari nyingi za tiba, yaani kichwa cha habari kinachorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, bila bei, bila masharti, na bila maelezo ya kile hasa kinachofanyika ndani ya mwili. Wazazi wanaolea watoto wenye selimundu waliuliza swali moja la haki kabisa: dawa ya kuponya imepatikana, sisi tutaipata lini?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, lakini kuna jambo linalofichika nyuma yake. Casgevy, tiba hiyo ya mabilioni ya shilingi, na kidonge cha haidroksiyurea, ambacho madaktari wa kliniki za selimundu jijini wamekuwa wakikiandika kwa miaka kadhaa, zinatafuta kitu kilekile ndani ya seli nyekundu ya damu: himoglobini ya kijusi, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo. Asiyekijua kitu hicho ataona tiba mbili zisizohusiana, moja ya matajiri na nyingine ya maskini. Anayekijua ataweza kupima vizuri zaidi nini kinapotea kwa kukosa ile ya kwanza, na nini kinapotea kwa kutumia ile ya pili nusunusu.

Seli nyekundu imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kila molekuli ya himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana kimaumbile na ya mtu mwingine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaionyesha tofauti yenyewe: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya amino iitwayo glutamati imeondoka na nafasi yake imeshikwa na valini. Ni herufi moja tu ya jeni iliyobadilika. Himoglobini hiyo, inayoitwa himoglobini S, hubeba oksijeni bila shida. Matatizo huanza inapoiachia, kwa sababu ile valini huwa na tabia ya kunasa kwenye molekuli jirani, na molekuli nyingi zikinasana hujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta seli hadi ichukue umbo la mundu.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nalo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya ushauri wa kliniki. Nyuzi hazitokei papo hapo oksijeni inapotoka. Kuna muda wa kusubiri kabla hazijaanza kujengeka, na seli nyekundu hupita kwenye mishipa midogo kabisa kwa takriban sekunde moja tu. Muda wa kusubiri ukiwa mrefu kuliko muda wa kupita, seli huwahi kurudi kwenye mapafu, hujaza oksijeni na kunusurika. Ukiwa mfupi, seli hukakamaa ikiwa bado ndani ya mshipa mwembamba, huziba njia, na tishu iliyo mbele hukosa damu. Watafiti waliopima jambo hili katika miaka ya 1970 waligundua kwamba muda huo hutegemea mno wingi wa himoglobini S ndani ya seli: hupungua kwa kadiri ya kipeo cha 30 hivi cha wingi huo. Kwa lugha nyepesi, seli ikipoteza maji kidogo tu na himoglobini yake ikasongamana kidogo tu, muda wa kusubiri huporomoka. Ndiyo maana muuguzi hachoki kurudia habari ya kunywa maji, hasa katika joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, na ndiyo maana homa, kutapika au kuhara kwa siku moja kunaweza kumlaza mtoto aliyekuwa akicheza jana yake.

Ukitaka kuona ugonjwa huu unavyojitambulisha, angalia mikono ya mtoto wa miezi sita au saba. Mama humleta kliniki vidole vimevimba, ngozi ya juu ya kiganja imekaza na kung'aa, na mtoto hataki hata shuka liguse mkono wake. Nyumbani wameshafikiria mdudu, wamefikiria kuanguka, pengine dada wa kazi ameshaulizwa maswali asiyostahili. Daktari mzoefu huuliza kwanza: "Mama, huko nyuma alikuwa mzima kabisa?" Na jibu huwa ndiyo, alikuwa mzima, alinyonya vizuri na uzito uliongezeka. Uzima huo wa miezi ya mwanzo haukuwa bahati. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, aliyefanya kazi Brooklyn, New York, aliona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi selimundu haikuwa na seli nyingi za mundu kama damu ya mama zao, akapendekeza kwamba walikuwa wakilindwa na himoglobini waliyozaliwa nayo.

Himoglobini hiyo ni ya kijusi, na wataalamu huiita himoglobini F. Mtoto akiwa tumboni hutumia minyororo ya gama badala ya beta, kwa kuwa himoglobini F hushika oksijeni kwa nguvu zaidi na hivyo kuivuta kutoka kwenye damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, mwili huzima polepole jeni za gama na kuwasha jeni ya beta, na kwa mtoto aliyerithi himoglobini S kutoka kwa baba na kwa mama, kuwashwa huko ndiko mwanzo wa ugonjwa. Himoglobini F haiwezi kuingia kwenye zile nyuzi. Fikiria watoto wa shule wanaoshikana mikono kutengeneza mnyororo uwanjani: mmoja anayekataa kutoa mkono huukata mnyororo pale aliposimama, na wakiwa wengi wa aina hiyo mnyororo haujengeki kabisa. Kuna watu waliorithi himoglobini S pamoja na hitilafu nyingine inayoziacha jeni za gama zikifanya kazi maisha yote. Himoglobini F yao hufikia karibu asilimia 30, ikiwa imesambaa katika seli zote, nao huishi karibu bila dalili.

Hilo la kusambaa katika seli zote lina uzito kuliko linavyoonekana. Mgonjwa anaweza kupimwa akakutwa na himoglobini F ya asilimia 10, lakini ikiwa imejazana katika baadhi ya seli huku nyingine zikiwa hazina kitu, zile zisizo nayo zitaendelea kuziba mishipa kama kawaida. Wastani wa damu nzima hauelezi hali ya kila seli.

Kwa miongo kadhaa baada ya Watson, swali lililobaki lilikuwa ni nini hasa kinachozizima jeni za gama. Jibu lilipatikana kati ya 2007 na 2008, wakati tafiti zilizolinganisha jenomu, yaani seti nzima ya jeni, za watu wengi zilipoonyesha kwamba tofauti ndogo karibu na jeni iitwayo BCL11A huenda sambamba na kiwango cha himoglobini F, na maabara ya Stuart Orkin huko Boston ikathibitisha kwamba protini ya jeni hiyo ndiyo inayozikandamiza jeni za gama. Tanzania haikuwa mtazamaji katika kazi hii. Kundi la wagonjwa wanaofuatiliwa Muhimbili tangu 2004, chini ya uongozi wa Julie Makani na wenzake, lilitoa damu na takwimu zilizoonyesha kwamba BCL11A na eneo jingine la jenomu liitwalo HBS1L-MYB huathiri kiwango cha himoglobini F kwa Watanzania pia. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuzungumzia tiba hizi kana kwamba ujuzi wote hutoka ng'ambo ukiwa umekamilika na sisi tunasubiri tu bandarini.

Casgevy sasa inaeleweka kirahisi. Haigusi ile herufi iliyokosewa kwenye jeni ya beta. Madaktari huchuja seli mama za damu kutoka kwa mgonjwa na kuzipeleka maabara, ambako mkasi wa CRISPR hukata kipande cha jenomu kinachoiwezesha BCL11A kufanya kazi ndani ya seli zinazoelekea kuwa nyekundu. Breki ikishaondolewa, jeni za gama huamka. Katika jaribio lililotumika kuombea kibali Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walimaliza angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu, na hawa walikuwa watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakipata mashambulio kila mwaka. Tiba ya pili iliyoidhinishwa siku ile, Lyfgenia, hufuata njia tofauti ya kuingiza jeni ya beta iliyoboreshwa, na imebandikwa onyo kali kuhusu saratani ya damu.

Kati ya kuchuja na kurudisha seli kuna hatua ambayo vichwa vya habari huiacha. Mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali ya kemikali inayofagia uloto wake wa zamani, yaani tishu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, ili seli zilizohaririwa zipate nafasi. Kwa wiki kadhaa anakuwa karibu hana kinga, analazwa katika chumba cha peke yake, na uwezekano wa kutoweza kupata mtoto baadaye ni mkubwa kiasi kwamba lazima uzungumzwe kabla ya kuanza. Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5, kabla ya gharama za hospitali. Nchini mwetu, kupandikiza uloto wa ndugu ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa kumeanza kufanyika kwa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Ni hatua kubwa, na pia ni tiba inayohitaji mtoto awe na ndugu anayelingana naye kwa tishu, jambo ambalo familia nyingi hazina.

Sasa haidroksiyurea. Ni dawa ya zamani ya saratani ambayo, kwa kuzuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza DNA, hupunguza kwa muda kasi ya uloto, na uloto unapojikusanya tena hutoa seli nyekundu zenye himoglobini F nyingi zaidi. Seli hizo pia huwa kubwa na zenye maji zaidi, na ukikumbuka habari ya muda wa kusubiri utaona faida yake. Isitoshe, dawa hupunguza seli nyeupe, ambazo huchangia kunata na kuziba mishipa. Mwaka 1995 jaribio la Marekani lililohusisha watu wazima 299 lilionyesha kwamba mashambulio ya maumivu yalipungua karibu nusu, na mwaka 1998 dawa ikapata kibali huko kwa watu wazima.

Kwa nini basi ilichelewa kwetu? Sababu mojawapo ilikuwa hofu halali. Dawa inayopunguza seli nyeupe, katika nchi yenye malaria, kuhara na nimonia, ingeweza kuua watoto wengi kuliko iliowaokoa. Hofu hiyo haikuweza kujibiwa kwa takwimu za Marekani. Ilijibiwa kwanza Uganda, ambako jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa baadhi ya watoto dawa halisi na wengine dawa bandia, likaona kwamba malaria haikuongezeka. Kisha likaja jaribio la REACH katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambamo watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianza dawa. Kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, yaani sawa na watoto 100 kufuatiliwa kwa mwaka mmoja, mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, kuongezewa damu kukashuka kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1, na malaria, kinyume cha hofu, ikashuka kutoka 46.9 hadi 22.9.

Msomaji makini ataona udhaifu mmoja: REACH haikuwa na kundi la dawa bandia. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe katika kipindi kifupi cha kabla ya dawa, na mtoto anayeingia kwenye utafiti hupata pia kliniki ya karibu, usafiri na daktari anayempigia simu mama yake. Sehemu ya nafuu inaweza kuwa imetokana na hayo. Mimi naona ukubwa wa tofauti, pamoja na matokeo ya lile jaribio la Uganda, unatosha kuondoa shaka kuhusu usalama, ingawa sitaziapia tarakimu zenyewe hadi nukta ya mwisho.

Hofu ya malaria ilikuzwa pia na mkanganyiko ambao bado upo mitaani, kwamba mwenye selimundu hapati malaria. Anayekingwa ni aliyerithi jeni moja tu, yule ambaye hana ugonjwa, na Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Kinga hiyo ndiyo sababu jeni ikaenea sana katika ukanda wetu. Kwa mgonjwa mwenye jeni zote mbili, takwimu za Muhimbili zilionyesha picha yenye pande mbili: vimelea vya malaria vilionekana kwa nadra kuliko kwa watu wengine, lakini vilipompata mgonjwa aliyelazwa, hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Chandarua na dawa ya kinga vinamhusu yeye kuliko jirani yake.

Njiani kumekuwa na dawa iliyoonekana nzuri kwenye karatasi. Voksiloto, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta, ilifanya kazi kwa kuilazimisha himoglobini S ishikilie oksijeni, kwa mantiki kwamba isipoiachia haitajenga nyuzi. Ilipandisha kiwango cha himoglobini kwenye damu, na kwa kigezo hicho ikapata kibali Marekani mwaka 2019. Lakini kiwango cha himoglobini ni tarakimu ya maabara, nacho si sawa na mgonjwa kuishi bila maumivu. Katika utafiti wa baadaye wa watoto waliokuwa kwenye hatari ya kiharusi, vifo vilikuwa 8 upande wa dawa na 2 upande wa dawa bandia, na mwezi Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa sokoni duniani kote. Himoglobini F ina historia tofauti, kwa kuwa ushahidi wake haukuanzia maabara: ulianza na watu walioishi na kiwango kikubwa cha himoglobini hiyo wakawa wazima.

Hata hivyo kidonge hakimsaidii mtoto ambaye hajulikani kuwa mgonjwa. Katika matokeo ya kundi la Muhimbili yaliyochapishwa mwaka 2011, vifo kwa wagonjwa wote vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, lakini kwa walio chini ya miaka mitano vilikuwa 7.3. Na hao ni waliofika hospitali ya taifa wakaandikishwa. Bandama, ambayo huchuja vijidudu kwenye damu, huharibiwa na seli za mundu mapema mno, na bakteria wa nimokokasi wanaweza kumuua mtoto kabla hata ya jina la ugonjwa kutajwa nyumbani. Tangu 1986 inajulikana kwamba pensilini ya kumeza kila siku hupunguza maambukizi hayo kwa zaidi ya asilimia 80, mradi ianzishwe katika miezi ya mwanzo. Kati ya 2015 na 2016, Muhimbili na Temeke walijaribu kuwapima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino. Kati ya takriban watoto 4,000, waliokutwa na ugonjwa walikuwa 31, na mmoja katika kila wanane alikuwa amebeba jeni moja. Kwa jiji linalozalisha watoto wengi kama hili, idadi hiyo ina maana kwamba kati ya kila watoto 130 hivi wanaotoka wodi ya wazazi, mmoja huenda anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na ugonjwa bila mtu yeyote kujua.

Limebaki suala la kiasi cha dawa, na hapa ndipo kidonge hupoteza nguvu zake kimyakimya. Jaribio jingine la Uganda, lililochapishwa mwaka 2020, liliwagawa watoto makundi mawili: moja likabaki na miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito, jingine likapandishiwa dozi taratibu hadi kiwango cha juu ambacho mwili unakistahimili, karibu miligramu 30. Waliofikia lengo la himoglobini F au la wingi wa damu walikuwa asilimia 86 katika kundi la kupandishiwa na asilimia 37 katika kundi la dozi isiyobadilika, na utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Dozi inapopanda, himoglobini F huenea katika seli nyingi zaidi, jambo tuliloliona kuwa ndilo la msingi.

Sasa chukua mtoto wa kilo 12. Kwa miligramu 20 kwa kilo anahitaji miligramu 240 kwa siku, ilhali kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500. Mfamasia na daktari hulazimika kupanga, ama kapsuli moja siku moja na kuruka siku inayofuata, ama kuyeyusha unga wake kwenye maji yaliyopimwa na kuvuta sehemu kwa bomba la sindano. Baada ya mwaka na nusu mtoto ana kilo 16, na dozi ileile sasa ni chini ya miligramu 16 kwa kilo. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba anatumia dawa, mama anaitoa kwa uaminifu, na maumivu yanarudi, kisha familia inaamini kwamba dawa imemkataa. Uzito mpya na kipimo cha picha nzima ya damu ndivyo vinavyompa daktari ruhusa ya kupandisha dozi, kwa kuwa seli nyeupe zikishuka mno inabidi dawa isimamishwe kwa muda. Mzazi asiongeze mwenyewe. Lakini ana haki ya kuuliza, kila anapoitwa chumbani, dozi hii imehesabiwa kwa kilo ngapi, na lini mara ya mwisho himoglobini F ya mtoto wake ilipimwa.